Kuuvusha mche wa mkarafuu katika kaskazi yake ya kwanza

Mkarafuu mkubwa hustahimili mengi, lakini mche wake ni dhaifu, na aliyepanda hapa Pemba wakati wa masika huonja taabu yake ifikapo Januari, ardhi inapokauka na upepo wa kaskazi unapovuma mfululizo. Wengi hudhani kwamba mche umeuawa na kiu. Kwa miche niliyoipoteza mimi, na si michache, kosa lilianzia kitaluni.

Kwanza, mche uzoeshwe jua. Uliokulia chini ya makuti mazito upunguziwe kivuli kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kwani ukitolewa ghafla majani yake huungua hata kama udongo una maji ya kutosha.

Pili, panda masika yanapoanza, ili mizizi ipate miezi ya mvua ya kushuka chini kabla ya kiangazi. Kipasue kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliokuzia mche, kwa wembe wala usiuvute mche, maana mizizi ya mkarafuu haipendi kusumbuliwa. Kati ya mche na mche acha mita 8 hadi 9, ingawa jirani atakucheka kwa kuacha shamba tupu.

Tatu, simika makuti upande wa magharibi, unakotokea ukali wa jua la alasiri. Muhogo pia hufaa kwa kivuli, mradi usiusogeze mno karibu na mche, kwani utagombea maji yale yale.

Nne, tandaza majani makavu kuzunguka mche bila kuyagusisha na shina, la sivyo utawaalika mchwa. Mwagilia jioni, na maji yawe mengi kwa mara moja. Ya kikombe kila siku huishia juu na kuifundisha mizizi kubaki huko huko.

Maswali ya wanachama

Swali: Bwana shamba, miche yangu imepukutisha majani yote. Niing'oe?

Jibu: Usiing'oe bado, ndugu yangu. Kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona ubichi chini yake, endelea kumwagilia na usubiri mvua.

Swali: Kivuli kiondolewe lini?

Jibu: Mimi hukiacha kwa kaskazi mbili, nikikipunguza kila masika.

Swali: Je, naweza kuweka mbegu mpaka mwakani ili nizibe mapengo?

Jibu: Haiwezekani. Mbegu ya karafuu ikikauka haioti tena, hivyo iatike ndani ya siku chache tangu tunda bivu lilipoanguka. Kwa mapengo, bakiza miche ya ziada kitaluni.