Namna ya kumlea kiungo mkabaji kwa kufuata nyayo za Moisés Caicedo

Mwongozo huu unawalenga walimu wa timu za vijana wa Mtwara mjini, Mikindani, Masasi na Newala, ambao kila msimu hupokea vijana wengi wanaotaka kucheza namba kumi, yaani kiungo mshambuliaji, na ni nadra kumpata anayeomba mwenyewe namba sita, yaani kiungo mkabaji. Mfano tutakaoutumia ni wa Moisés Caicedo, raia wa Ekuador na kiungo wa Chelsea, kwa sababu safari yake inaonyesha vizuri mambo ambayo mwalimu wa mchangani anaweza kuyafanya bila fedha nyingi.

Anza kwa kuwasimulia vijana safari hiyo kwa mpangilio wake, kwa kuwa wengi wanaijua tu bei ambayo Chelsea ilimnunua. Caicedo alizaliwa tarehe 2 Novemba 2001 huko Santo Domingo, Ekuador, akiwa kitinda mimba katika familia maskini yenye watoto 10. Alikuzwa na Independiente del Valle, klabu ya Sangolquí, karibu na mji mkuu Quito, iliyojijengea jina kwa kulea chipukizi. Mabeki Piero Hincapié na Willian Pacho nao walipita humo. Mwaka 2020 alitwaa na klabu hiyo Copa Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, la vijana wa chini ya miaka 20, na Oktoba ya mwaka huohuo akaichezea timu ya taifa ya wakubwa kabla hajatimiza miaka 19. Brighton ya Uingereza ilimsajili Februari 2021.

Sehemu inayofuata ndiyo ya kusimuliwa polepole. Alipofika Brighton hakupewa namba. Agosti 2021 alipelekwa kwa mkopo Beerschot ya Ubelgiji, timu ambayo mwishoni mwa msimu huo ilishuka daraja, kisha akarejeshwa Januari 2022 na kuendelea kusubiri. Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza aliicheza Aprili 2022 ugenini dhidi ya Arsenal, Brighton ikashinda 2-1, huku Mzambia Enock Mwepu akifunga mojawapo ya mabao hayo. Kutoka kusajiliwa hadi siku hiyo ulikuwa umepita zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mzazi akikuuliza kama mwanawe wa miaka 16 aende kukaa benchi katika kituo chenye jina Dar es Salaam au abaki akicheza kila wiki katika ligi ya wilaya, mwambie abaki acheze. Kiungo hukomazwa na mechi, hasa mechi ambazo timu yake imezidiwa.

Katika kumchagua kijana wa nafasi hii, usiangalie chenga. Nenda kwenye mashindano ya shule za msingi (UMITASHUMTA) au za sekondari (UMISSETA) ngazi ya wilaya, simama nyuma ya goli badala ya pembeni, na umtafute yule anayegeuza shingo kutazama nyuma yake kabla mpira haujamfikia. Kijana wa namna hiyo ni adimu, lakini tabia hiyo hufundishika, na ndiyo inayostahili nusu ya muda wako wa mazoezi.

Zoezi lake ni rahisi. Chora mraba wa hatua kumi na tano kwa kumi na tano, weka vijana wanne pembeni na kiungo wako katikati, nawe usimame nyuma yake ukiwa na vitambaa viwili vya rangi tofauti. Mpira unapokuwa njiani kumwendea, nyanyua kitambaa kimoja. Ni lazima aitaje rangi kabla hajaugusa, kisha apeleke pasi upande mliokubaliana kwa rangi hiyo. Akishazoea, ongeza mkabaji mmoja, kisha wawili, na umruhusu miguso miwili tu. Mwili wake uwe umekaa ubavu, ili auone mpira na goli la wapinzani kwa pamoja. Uwanja wa mchanga, ambao ndio tulionao wengi huku pwani, hupunguza kasi ya mpira na kumzoesha kiungo pasi nzito. Walau mara moja kwa wiki tafuta ardhi ngumu, hata kama ni uwanja wa shule wenye vumbi, ili ajue mpira unaokimbia.

Kukaba kunahitaji subira kuliko nguvu. Mfundishe kwanza kumchelewesha mpinzani: amkaribie kwa hatua fupi, apinde magoti, amsukumie pembeni walipo wenzake, na aingize mguu pale tu mpira unapoachana na mguu wa mwenye nao. Kuteleza chini kuwe njia ya mwisho. Hata Caicedo ameadhibiwa kwa jambo hili: katika mechi yake ya kwanza Chelsea, Agosti 2023 dhidi ya West Ham, aliingia akitokea benchi na kusababisha penalti katika kipigo cha 3-1. Alikuwa amewasili kwa ada ya pauni milioni 100 ambayo ingeweza kufika milioni 115, na hakuna bei inayomlinda mtu aliyeingiza mguu kwa kuchelewa. Faida ya kukaba kwa mpangilio inaonekana katika timu ya taifa yake, ambayo iliruhusu mabao 5 tu katika mechi 18 za kufuzu Kombe la Dunia la 2026.

Chelsea inapocheza, mpeleke kijana wako kwenye kibanda cha kuonyesha mpira na umpe kazi moja: kwa robo saa amtazame Caicedo peke yake, hasa pale mpira ukiwa kwa wengine. Wenzake watampigia kelele kwa kukosa kuangalia bao, lakini avumilie, kisha akueleze kiungo huyo alisimama wapi kila beki wa pembeni alipopanda.

Lililobaki ni makaratasi, na hapa ndipo mkoa wetu hupoteza haki zake. Hakikisha kijana ana cheti cha kuzaliwa chenye tarehe ya kweli, na asajiliwe rasmi katika klabu kupitia chama cha mpira cha wilaya. Kanuni za FIFA, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, haziruhusu mchezaji kuhamia nchi nyingine kabla ya miaka 18. Caicedo mwenyewe aliondoka Ekuador akiwa na miaka 19. Kwa hiyo wakala anayeomba nauli ya kumpeleka Ulaya mtoto wa miaka 15 afungiwe mlango. Aidha, mchezaji akiuzwa kwa uhamisho wa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23, kwa kadiri ya misimu aliyokaa katika kila klabu. Klabu isiyokuwa na kumbukumbu za usajili haina cha kudai, hivyo nakala za fomu za kila msimu zitunzwe na katibu wa klabu mahali pasipofikiwa na mvua wala mchwa.