Unashona mabegi ya mabango ya zamani? Sajili dizaini kabla hujapost

Mafundi wengi wa vitu vya taka, mabegi ya mabango, akala (viatu vya tairi), taa za chupa, wakisikia kusajili dizaini wanasema hiyo ni ya makampuni makubwa. Wapi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inataja bidhaa za kiwandani na za kazi ya mikono pia, kwa hiyo hata wewe wa jua kali umo.

Kinacholindwa ni sura ya kitu, sio wazo. Kugeuza bango kuwa begi huwezi kumzuia mtu, na akala ya kawaida nayo sahau, wazee wameivaa miaka na sheria inataka kitu kipya. Lakini ukibuni mikanda inayopishana kivyako juu ya mguu, hapo unaweza kuongea na KIPI, ofisi ya serikali inayosajili dizaini, pale South C, Nairobi.

Sasa kwa michoro ndio watu hujiharibia. Begi la leo lina nusu uso wa mwanasiasa, la kesho lina tangazo la sabuni, ukipeleka picha ya moja na rangi zake ujue umejifunga mwenyewe, mwenye kukopi atasema lake ni tofauti. Peleka mchoro wa mistari mitupu, bila rangi wala kivuli, mbele, nyuma, ubavuni, juu. Waulize wenye Trunki, lile sanduku la watoto la kukalia: walisajili picha za kompyuta zenye vivuli, magurudumu meusi kuliko mwili, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikawaangusha kwenye kesi yao ya kukopiwa, hiyo tofauti ya rangi ikiwa moja ya sababu.

Peleka maombi kwanza ndio upost Instagram, usigeuze. Ukipata usajili ni miaka 5, unaongeza mara mbili ifike 15. Na kama unawaza kuuza nje, una miezi 6 tangu siku uliyopeleka, uombe nchi zingine ukitumia tarehe ile ile.



Kuna kitu kingine, logo. Bango umenunua sawa, lakini jina la kampuni likikaa katikati ya begi wanaweza kukufuata kwa alama yao ya biashara. Mimi nageuza tu, upande wa nyuma mara nyingi ni mweupe.