Jinsi ya Kuchagua Mahali pa Kuogelea katika Hifadhi za Jimbo la Texas Wakati wa Kiangazi

Kuanzia Juni hadi Septemba joto la Texas hupita mara kwa mara nyuzi 38 za Selsiasi, na familia nyingi za Waswahili waliohamia Houston, Dallas, Fort Worth au Abilene humaliza wikendi zao ndani ya nyumba huku kiyoyozi kikiunguruma na bili ya umeme ikipanda. Hifadhi za jimbo, ambazo husimamiwa na Idara ya Hifadhi na Wanyamapori ya Texas, ni njia nafuu ya kutoka nje na kupoza mwili, kwa kuwa kiingilio hutozwa kwa kila mtu na watoto wenye umri wa miaka 12 au pungufu huingia bure. Kasoro ni kwamba wengi huchagua pa kwenda kwa kutazama picha, ilhali picha haisemi maji yanatoka wapi, yana kina gani, wala yanaweza kubadilika kwa kasi kiasi gani. Afadhali kuanza kwa kuuliza kama maji ni ya chemchemi, ya mto, ya ziwa au ya bahari, kisha kupima ni nani katika msafara anayejua kuogelea na nani asiyejua.

Kabla ya yote, weka nafasi. Pasi ya siku inaweza kuhifadhiwa siku 30 kabla ya safari kupitia tovuti ya idara, na eneo la kulala kambini miezi 5 kabla. Hifadhi zenye maji hujaa Jumamosi nyingi za kiangazi, na anayefika getini bila pasi hurudishwa hata kama ametoka mbali na gari limejaa watoto. Mwenye nafasi ya kwenda kati ya Jumatatu na Alhamisi atapata kivuli, maegesho na utulivu ambao hauonekani kabisa mwishoni mwa wiki.

Kwa anayetafuta maji baridi ya uhakika, chemchemi haina mpinzani. Bwawa la Balmorhea, lililoko Toyahvale magharibi mwa jimbo, lilijengwa katika miaka ya 1930 na vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali uliowapa kazi vijana wasio na ajira, kuzunguka chemchemi ya San Solomon, ambayo hutoa zaidi ya lita milioni 55 kwa siku. Joto la maji hubaki kati ya nyuzi 22 na 24 mwaka mzima, hata jangwa linalolizunguka linapowaka moto. Anayeshuka ngazi akasimama tuli kwa muda mfupi ataona samaki wadogo wakimkusanyikia miguuni na kumdonoa vidole, na baadhi yao ni wa aina adimu zinazolindwa kisheria, hivyo hawashikwi wala kusumbuliwa. Maji hayo hayasimami: huendelea kwenye mifereji na kumwagilia mashamba ya jirani. Mambo mawili tu ndiyo ya kuzingatia hapa. Kwanza, kina cha bwawa hufika mita 7 na zaidi, na hakuna mwokoaji anayekaa akiwatazama waogeleaji. Pili, kutoka Dallas ni zaidi ya kilomita 600 na kutoka Houston ni mbali zaidi, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo si ya busara, panga kulala.

Mito ndiyo inayopendwa zaidi, na ndiyo inayohitaji maelezo marefu. Katika eneo la vilima lililoko magharibi mwa Austin na San Antonio kuna hifadhi kadhaa ambazo mto ndio moyo wake. Garner, iliyopewa jina la John Nance Garner, makamu wa rais wa Franklin Roosevelt, inapakana na mto Frio kwa zaidi ya kilomita 4, na watu huteleza juu ya maji yake wakiwa wamekalia matyubu chini ya kivuli cha miti ya saiprasi. Jioni za kiangazi kuna muziki na dansi katika uwanja wa hifadhi, desturi iliyodumu tangu miaka ya 1940. Hifadhi ya mto Guadalupe iko karibu zaidi na San Antonio. Kwa familia yenye watoto wadogo, maoni yangu ni kwamba Blanco, iliyoko katika mji wenye jina hilohilo, ndiyo bora kuliko zote: ni ndogo, kutoka kwenye gari hadi majini ni hatua chache, na karibu na moja ya mabwawa yake kuna kidimbwi chenye kina kifupi kinachowafaa watoto. Wakazi wa Austin wana McKinney Falls, ambayo imo ndani ya mji wenyewe.

Pedernales Falls huvutia kwa maporomoko yake, lakini hapo kwenye maporomoko kuogelea kumepigwa marufuku. Eneo linaloruhusiwa liko mbele zaidi, upande mto unakoelekea, nalo hufikiwa kwa njia ya mawe na ngazi inayoteremka. Kushuka ni rahisi. Kazi huja saa nane mchana, unapopanda ukiwa umebeba mtoto aliyechoka na kasha la vinywaji.

Udongo wa vilima hivyo ni mwembamba na chini yake ni mwamba wa chokaa, hivyo mvua kubwa hainywewi na ardhi bali hukimbilia mtoni. Mvua inaweza kunyesha mbali juu ya mto huku nyinyi mlipo jua likiwa kali na anga ikiwa safi. Tarehe 4 Julai 2025 mto Guadalupe ulifurika usiku katika wilaya ya Kerr, ukapanda mita kadhaa kwa muda wa chini ya saa moja, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Kwa hiyo soma utabiri wa hali ya hewa wa eneo lote la juu ya mto, si wa mahali unapokwenda pekee. Acha tahadhari za dharura za simu zikiwa wazi hata usiku. Na maji yakianza kuwa na tope, kubeba vijiti na majani, au kupanda hata kidogo, toka papo hapo na upande juu bila kurudi kuchukua vitu. Barabara iliyofunikwa na maji isivukwe kwa gari, hata kama gari la mbele limepita. Upande wa pili wa shilingi ni ukame: mito hiyohiyo inaweza kupungua hadi vidimbwi, kwa hiyo piga simu ofisi ya hifadhi siku moja kabla ya kuondoka.

Ukame ukizidi, maziwa ndiyo kimbilio. Inks Lake, karibu na Burnet, hudhibitiwa ili kina chake kisibadilike sana, na miamba yake ya rangi ya waridi huwavuta vijana wanaopenda kurukia maji. Usiruke mahali ambapo hujazamia kwanza ukapima kina kwa mwili wako, na usiruke kamwe kwa kutanguliza kichwa. Wakazi wa Houston wajue kwamba katika hifadhi ya Brazos Bend hairuhusiwi kuogelea kabisa kwa sababu ya mamba. Huntsville nako kuna mamba ziwani, ila kuna sehemu iliyotengwa kwa waogeleaji. Baki humo na usitupe mabaki ya chakula majini. Maji ya ziwa yaliyosimama na kupata joto kali yana hatari nyingine mbili. Utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika huweza kuwa na sumu, na mbwa kadhaa walikufa Austin mwaka 2019 baada ya kugusana na mwani wa namna hiyo. Kuna pia amiba adimu sana lakini anayeua, ambaye huingia kupitia puani, kwa hiyo bana pua unapozama na usivuruge tope la chini.

Baharini, yaani Galveston Island na Mustang Island, hofu kubwa ni mkondo unaomvuta mtu kutoka ufukweni. Ukishikwa nao usipambane nao. Ogelea sambamba na ufuko hadi utoke kwenye mkondo, ndipo uelekee nchi kavu.

Kwa kuwa hifadhi hizi kwa kawaida hazina waokoaji, mteueni mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama watoto, asiyeshika simu wala kugeuza nyama, na mpokezane kila baada ya muda. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hifadhi nyingi huwaazima wageni jaketi za kuokoa maisha bila malipo. Puto za mikononi si mbadala wake. Kanga na magauni ya pamba hunywa maji yakawa mazito na kufunga miguu, hivyo anayetaka kujisitiri avae vazi refu la kuogelea la kitambaa chepesi kisichonywa maji. Kandambili huchukuliwa na mto. Vaa viatu vya mpira vilivyofunga kisigino.

Kuhusu chakula, sehemu nyingi za kupumzikia zina meza na jiko la kuchomea nyama, lakini wakati wa ukame hutangazwa marufuku ya moto ambayo huweza kuzuia hata mkaa, ndiyo sababu ni vizuri kubeba jiko dogo la gesi au chakula kilichopikwa nyumbani. Pombe hairuhusiwi kunywewa wala kuonyeshwa hadharani. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko unavyodhani yatatosha, kwa sababu aliye majini hahisi jasho linavyomtoka.