Kumfundisha Mtoto Kupima na Kukadiria kwa Usahihi

Mtoto wa darasa la pili au la tatu akiambiwa apime dawati, mara nyingi huamini kwamba kuna jibu moja kamili ambalo mwalimu tayari analijua, na kwamba kazi yake ni kulipata. Imani hiyo ndiyo ya kurekebishwa kwanza, kwa sababu kila kipimo, hata cha fundi hodari, huja na kiasi chake cha shaka, na anayepima vizuri ni yule anayeweza kusema shaka hiyo ni kubwa kiasi gani. Mwongozo huu ni kwa walimu na wazazi wa Tabora, na vifaa vinavyotajwa ni vile vinavyopatikana nyumbani, darasani au sokoni.

Anzeni kwa kukisia. Kila mtoto aandike katika daftari urefu anaoudhania, na asiufute baadaye hata ukionekana kuwa mbali na ukweli, kwa kuwa makisio yaliyofutwa hayamfundishi chochote. Kisha dawati lipimwe kwa shubiri. Dawati la shubiri 8 za mtoto laweza kuwa shubiri 6 tu za mwalimu, na hapo watoto huona wenyewe, pasipo maelezo marefu, kwa nini watu wanahitaji kipimo kimoja cha pamoja. Baada ya hapo ndipo rula itolewe.

Rula ina mitego yake, na inafaa kuisimamia kwa makini. Rula nyingi za sentimita 30 zina nafasi ndogo kabla ya alama ya sifuri, na mtoto asiyeelekezwa huanzia kwenye ukingo wa plastiki badala ya kuanzia kwenye alama. Ikiwa ncha imelika, aanzie kwenye 1, kisha atoe 1 katika jibu. Jicho nalo liwe juu ya alama moja kwa moja, kwa sababu anayetazama kwa ubavu husoma namba ya jirani. Dawati la sentimita 120 hulazimu rula ihamishwe mara tatu, na kila inapohamishwa kosa dogo laweza kuongezeka. Likiwa milimita 2 kila mara na kwa upande uleule, mwishoni ni milimita 6. Kuweka alama nyembamba ya penseli kila rula inapoishia hupunguza kosa hilo, na kutumia futi kamba huliondoa kabisa.

Sasa watoto watano walipime dawati hilohilo, kila mmoja peke yake, bila kuonyeshana majibu. Tuseme wameleta sentimita 119, 120, 120, 121 na 130. Hapa mwalimu asiharakishe, kwa maana hiki ndicho kiini cha somo. Majibu manne ya kwanza yanatofautiana kidogo, na tofauti hiyo si kosa la mtu. Ni hali ya kawaida ya upimaji, nayo yaweza kuandikwa hivi: sentimita 120, ikizidi au kupungua kwa 1. Jibu la 130 ni jambo jingine. Limepishana na mengine kwa sentimita 10 hivi, kwa hiyo huenda mtoto alikosea kuhesabu au kusoma rula, na dawa yake ni kupima upya, si kulichanganya na mengine ili kupata wastani.

Lipo pia kosa lisiloonekana kwa kurudia. Mizani inayoonyesha gramu 100 ikiwa tupu itatoa majibu yanayofanana kila mara, na yote yatakuwa na ziada ya gramu 100. Mfundisheni mtoto kutazama mshale kabla kitu hakijawekwa, awe darasani au sokoni. Mwambieni pia kwamba Tanzania ina Wakala wa Vipimo, ambao hukagua mizani za biashara, kwa sababu kosa dogo linalojirudia kwa kila mteja huwa hasara kubwa kwa wengi.

Asali, ambayo Tabora inajulikana nayo sana, hufaa kwa somo la kutofautisha ujazo na uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, na watoto wengi huchukulia kwamba kila kimiminika kiko hivyo. Lita moja ya asali, hata hivyo, ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa hufikia karibu kilo 28 kabla ya kuhesabu uzito wa ndoo yenyewe. Mtoto apewe chupa mbili zinazolingana, moja ya maji na nyingine ya asali, akisie kwa mikono, kisha apime. Anayenunua asali kwa lita na kuiuza kwa kilo bila kujua tofauti hii hawezi kupanga bei yake sawasawa.

Kukadiria si kubahatisha, na njia bora ya kulionyesha hilo ni karanga. Jazeni kisado, ambacho huchukua lita 4 hivi, na mwulizeni mtoto ndani yake mna karanga ngapi. Badala ya kuzihesabu zote, ahesabu zilizo katika kikombe kimoja, arudie kwa vikombe vingine viwili, kisha apime kisado kinajaa kwa vikombe vingapi. Ikiwa vikombe vitatu vimetoa karanga 205, 212 na 219, wastani ni 212. Na ikiwa kisado kimejaa kwa vikombe 20, hesabu huleta 4,240. Mtoto aliyeelewa ataandika “4,200 hivi”, kwa kuwa kikombe kidogo kuliko vyote kingeleta 4,100 na kikubwa 4,380, na kung’ang’ania ile 40 ya mwisho ni kudai ujuzi ambao hana.

Urefu wa mwembe nao hukadiriwa kwa kivuli. Fimbo ya mita 1 isimamishwe wima mahali tambarare. Ikiwa kivuli chake ni sentimita 50 na cha mwembe, kutoka katikati ya shina hadi mwisho wa kivuli cha kilele, ni mita 6, mti una urefu wa mita 12 hivi. Kivuli cha mti kikikosewa kwa nusu mita, urefu hukosewa kwa mita nzima, na watoto wakubwa waachwe waligundue hilo wenyewe. Vivuli vyote viwili vipimwe wakati mmoja, asubuhi au alasiri, kwani Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na saa sita mchana mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua huwa karibu utosini.

Kwa kila zoezi mtoto aulizwe kipimo ni cha kazi gani. Kusema kwamba reli ya Tabora hadi Kigoma ni kilomita 400 hivi humtosha msafiri. Dawa ya maji ya mtoto haikubali “hivi” ya namna hiyo: ipimwe kwa kikombe au bomba lililokuja nayo, wala si kwa kijiko cha chai, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani.

Daftari la mazoezi ligawanywe safu nne: kitu, makisio, kipimo, na tofauti kati ya hayo mawili. Zoezi moja au mawili kwa juma yanatosha, na mwisho wa mwezi mtoto alinganishe safu ya tofauti, kitu kirefu kwa kirefu na kizito kwa kizito, aone ni makisio gani yamekaribia na ni yapi yanayohitaji mazoezi zaidi.