Jinsi ya kupika picadillo, nyama ya kusaga ya Kikuba, jikoni kwako

Picadillo sio chakula cha sikukuu, Cuba hiki ni chakula cha jioni yoyote ya katikati ya wiki, wali uko jikoni unakauka na nyama inachemka pembeni, na Wakuba waliohamia Miami wameenda nacho hadi leo wanakipika. Ukiiangalia tu sufuriani utasema aah hii si ndo rosti ya kima tuliyoizoea, ila ukiionja ndo utaelewa, kuna chumvi ya zeituni, kuna utamu wa zabibu kavu, kuna uchachu wa waini au siki, na vyote vinafika mdomoni pamoja bila kimoja kummeza mwenzake. Huo ulinganifu ndo picadillo yenyewe. Kwa hiyo mara ya kwanza naomba sana uipike hivi hivi, usitie bizari ya mchuzi, usitie tangawizi, wala garam masala, na pilipili kali iache kabisa maana chakula cha Kikuba kwa kawaida hakiwashi. Ukishaijua ladha yake hapo utaamua mwenyewe.

Unahitaji nini (watu 4 au 5)

Nyama ya ng'ombe ya kusaga kilo nusu na robo. Kitunguu maji kikubwa 1, hoho ya kijani kubwa 1, vitunguu saumu punje 5 au 6. Bizari nyembamba ya unga kijiko cha chai 1 na nusu, hii wengine mnaiita jira, Unguja ni uzile, ni kitu kile kile. Oregano kavu kijiko cha chai 1, majani ya bay 2, pilipili manga. Nyanya iliyosagwa kikombe 1. Waini nyeupe kavu, yaani isiyo tamu, nusu kikombe. Zeituni za kijani zile zenye kipande chekundu katikati, kama 15 hivi, na usimwage maji yake. Zabibu kavu robo kikombe. Viazi mbatata 2 vya wastani. Mafuta ya zeituni vijiko vikubwa 3, pamoja na mafuta ya kawaida ya kukaangia viazi.

Wakuba wengi wanaongeza pia alcaparras, zile punje ndogo za kijani zinazokaa kwenye siki, ukizipata supamaketi weka kijiko kikubwa 1, ukizikosa wala usihangaike, zeituni zinatosha.

Kama nyumbani kwenu pombe haiingii, chukua vijiko vikubwa 2 vya siki nyeupe changanya na maji mpaka ijae nusu kikombe, weka na sukari nusu kijiko cha chai. Uchachu unaotakiwa unapatikana vizuri tu.

Hatua ya 1: Nyama

Hapa nakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanaharibikiwa buchani kabla hata hawajawasha jiko. Usinunue ile iliyokwisha sagwa asubuhi, chagua kipande, mwambie akusagie mbele yako na asage mara moja tu, isiwe laini kama uji. Na steki tupu isiyo na mafuta usiitake, inakauka na kuwa kama punje za mchanga, mwambie achanganye na mafuta kidogo. Zamani nyama hii ilikatwakatwa kwa kisu, na ukiwa na kisu kikali na muda unaweza kufanya hivyo, inatoka tamu sana.

Itoe nyama kwenye friji mapema kidogo, ikiwa ya baridi sana inaachia maji badala ya kukaangika.

Hatua ya 2: Viazi

Menya, kata vipande vidogo vya mraba, ukubwa wa zeituni yenyewe, osha, kausha na kitambaa, halafu kaanga kwenye mafuta ya moto mpaka viwe vya dhahabu. Toa, nyunyiza chumvi, weka pembeni. Kuna wanaovitia vibichi kwenye mchuzi viivie humo humo, inawezekana, ila vinavunjika na kufanya mchuzi uwe mzito, mimi navipenda vya kukaanga vikiwa na kaukavu kake kwa nje. Viazi pia vinasaidia nyama kidogo kulisha watu wengi, na Wakuba hilo wanalijua vizuri, maana miaka ya 1990 baada ya Umoja wa Kisovyeti kuanguka hali ilikuwa ngumu kweli kweli hadi watu wakawa wanagaiwa picadillo iliyochanganywa soya kwa kitabu cha mgao.

Hatua ya 3: Sofrito

Sofrito ni kitunguu, hoho na saumu vinavyokaangwa taratibu kwenye mafuta, huu ndo msingi, usiuharakishe. Kata kitunguu na hoho vidogo vidogo sana, saumu twanga kwenye kinu na chumvi kidogo. Weka mafuta ya zeituni kwenye kikaango kipana chenye kina, moto wa wastani kwenda chini, tia kitunguu na hoho, koroga, acha kama dakika 8 mpaka 10. Hatutaki vibadilike rangi kuwa vya kahawia kama tunavyokaangia pilau, tunataka vilainike mpaka hoho ipoteze ile harufu yake ya ubichi na kitunguu kiwe kama kioo. Ukikibonyeza na mwiko kinapondeka bila kugoma, hapo tayari. Ndo unatia saumu, bizari nyembamba na oregano, koroga dakika 1 tu, harufu itapanda jiko zima, usisubiri zaidi maana saumu ikiungua inakuwa chungu na uchungu huo hautoki tena.

Hatua ya 4: Nyama iingie

Ongeza moto, tia nyama, na kazi yako sasa ni kuvunjavunja mabonge kwa mwiko, yasibaki. Itaachia maji, usiogope, endelea mpaka maji yakauke na uanze kusikia inachachatika kwenye mafuta, hiyo sauti ikibadilika ndo ujue nyama imeacha kuchemka imeanza kukaangika. Dakika 8 hivi au zaidi kulingana na jiko lako. Chumvi weka kidogo sana, narudia kidogo sana, zeituni zinakuja na chumvi yake.

Hatua ya 5: Waini, nyanya, zeituni, zabibu

Mimina waini au yale maji ya siki, kwangua chini ya kikaango pale palipogandia, acha dakika 2 au 3 mpaka ile harufu kali ipungue. Tia nyanya, majani ya bay, na maji robo kikombe. Zeituni zikate katikati utie, pamoja na kijiko kikubwa 1 cha maji yake, halafu zabibu kavu. Kwa zabibu Wakuba wenyewe hawakubaliani, kuna nyumba haziingii kabisa, ila mimi nasema ziweke, na kama wewe ni mtu wa pwani umeshakula pilau au biriani yenye zabibu basi utamu kwenye nyama hautakushtua.

Funika, moto mdogo, dakika 15 mpaka 20. Mwisho wake isiwe supu na isiwe kavu, ukiburuta mwiko katikati mchuzi unarudi taratibu. Ikikauka mapema ongeza maji kidogo.

Hatua ya 6: Onja kabla ya viazi

Onja na wali kidogo, sio peke yake. Ikiwa imelala haina uhai, ongeza maji ya zeituni au matone ya siki. Ikiwa chachu mno ongeza zabibu chache na uache dakika 5. Chumvi ndo irekebishwe mwisho wa yote. Toa majani ya bay, changanya viazi, zima moto, funika ipumzike kidogo.

Kupakua

Wali mweupe wa kawaida, usiwe wa nazi, nazi inafunika kila kitu. Maharage meusi pembeni ukiyapata. Na ndizi, hapa sisi tuna bahati, nunua mzuzu ulioiva mpaka ganda limeanza kuwa jeusi, kata mshazari, kaanga mpaka kingo ziwe za kahawia. Ukitaka kuongeza heshima ya sahani weka juu yai la kukaanga ambalo kiini chake bado kinatiririka, Wakuba wanaita a caballo.

Ikibaki, kesho yake ni tamu zaidi, kwenye friji inakaa siku 3 bila shida. Unaweza kutengeneza papas rellenas, ni kama katlesi zetu tu, viazi vya kuponda vinazungushiwa picadillo katikati, vinapakwa yai na chenga za mkate halafu vinakaangwa. Kwa kazi hiyo ipashe kwanza bila kufunika mpaka mchuzi ukauke, iache ipoe kabisa ndo ujaze, ikiwa na majimaji au moto itapasukia mafutani.