Namna ya Kupima Uthabiti wa Changamani za Shaba na Tetrasaiklini

Mgonjwa anayetumia tetrasaiklini huonywa asiimeze pamoja na maziwa wala vidonge vya madini ya chuma, kwa sababu ayoni za metali huishika dawa hiyo tumboni na kuizuia isifyonzwe ipasavyo. Muungano huo wa metali na dawa huitwa changamani, na nguvu ya mshiko wake hupimwa maabara kwa titresheni ya pH, yaani kuongeza alkali kidogo kidogo huku ukipima pH, njia iliyojengwa na mwanakemia Jannik Bjerrum mwaka 1941 na kurahisishwa na wanakemia Irving na Rossotti mwaka 1954. Hapa tutatumia ayoni ya shaba yenye chaji +2, ambayo huishika dawa kwa nguvu kuliko kalsiamu.

Andaa michanganyo mitatu ya ml 50, yote katika nyuzi 25 za Selsiasi na yenye nitrati ya potasiamu ya moli 0.1 kwa lita. Wa kwanza uwe na milimoli 0.2 za asidi ya nitriki peke yake. Wa pili uongezewe mg 24 za tetrasaiklini haidrokloraidi, yaani milimoli 0.05, wa tatu uwe na vyote hivyo pamoja na milimoli 0.025 za nitrati ya shaba. Dawa iyeyushwe siku ile ile ya kazi, kwani ndani ya asidi hubadilika umbo polepole.

Sawazisha elektrodi ya kioo, yaani kipima pH, kwa bafa (myeyusho wenye pH inayojulikana), pitisha naitrojeni kwenye mchanganyiko ili kuondoa hewa, kisha titresha kila mchanganyiko kwa haidroksidi ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita, isiyo na kabonati, ukisubiri pH itulie kila unapoongeza.

Chora mikondo mitatu kwenye grafu moja. Kwa kuwa shaba hufukuza protoni kutoka kwenye dawa, mkondo wa tatu utahitaji alkali nyingi zaidi kuliko wa pili katika pH ile ile, na tofauti hiyo ndiyo inayokupa n, wastani wa molekuli za dawa zilizoshikwa na kila ayoni. Protoni moja ikifukuzwa kwa kila ayoni, tofauti nzima ni ml 0.25 tu. Tone moja la bureti ya kawaida ni takriban ml 0.05, sehemu ya tano ya kipimo chote. Kwa hiyo bureti ndogo yenye alama za ml 0.01 si anasa hata kidogo.

Kokotoa pL, yaani logi hasi ya ukolezi wa dawa iliyobaki huru, kwa kutumia pKa (namba zinazoonyesha jinsi dawa inavyoachia protoni zake) ulizozipata kutoka mikondo miwili ya kwanza. Chora n dhidi ya pL: pale n inapofikia 0.5, pL ni sawa na log K1, na kwenye 1.5 ni log K2; K1 na K2 ni vipimo vya uthabiti wa mshiko wa molekuli ya kwanza na ya pili ya dawa.

Mchanganyiko ukianza kuwa na ukungu, au pH ikishuka yenyewe baada ya kutulia, acha kutumia namba za kuanzia hapo, maana shaba imeanza kuungana na haidroksidi. Kando ya jibu andika joto, nguvu ya ayoni (kipimo cha wingi wa ayoni zote na chaji zake katika mchanganyiko) na umbo la dawa lililotumika katika hesabu, kwani K ya dawa iliyopoteza protoni zote hailinganishwi na ya ile iliyobakiwa na moja.