Kabla Hujachomeka Waya wa Intaneti kwenye Ruta

Fundi akishavuta faiba hadi sebuleni, huwa ana haraka ya kwenda kwa mteja mwingine. Aliyekuja kwangu aliwasha ruta, akaandika nywila ya Wi-Fi kwa maka pen ukutani kando ya swichi, akaaga. Jioni nikafungua 192.168.1.1, anwani ya ukurasa wa mipangilio ya ruta, kwenye simu, nikaandika "admin" juu na "admin" chini. Nikaingia.

Ruta ina nywila mbili. Ile ya Wi-Fi kila mtu anaikumbuka. Ile ya ukurasa wa mipangilio, ambayo ndiyo yenye nyumba, inabaki ya kiwandani. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilizunguka mtandaoni na orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo sitini tu, kikateka kamera na ruta kwa mamia ya maelfu. Hakikuhitaji ujanja zaidi ya huo.

Kwa hiyo tundu la WAN, linaloingiza intaneti, liache wazi kwanza. Unganisha kompyuta kwa waya kwenye tundu la LAN, la vifaa vya ndani, na kama ruta ni ya mtumba, bonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio kwa pini sekunde kumi hivi. Badilisha nywila ya mipangilio, zima usimamizi wa kutoka nje. Programu endeshi mpya ya ruta ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa bando la simu. Mtengenezaji akiwa ameacha kuitolea masasisho, hiyo ruta usiinunue hata ikiwa bei ya kutupa.

Kwenye ulinzi wa Wi-Fi chagua WPA3, au WPA2 yenye usimbaji wa AES. WPS, njia ya mkato ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila, izime. PIN yake ina tarakimu nane, unaweza kudhani mwizi atahangaika mara milioni mia moja. Sivyo: ruta hukagua nne za mwanzo peke yake, kisha tatu, na ya mwisho hutokana na hesabu ya zilizotangulia. Zinabaki 10,000 na 1,000, yaani majaribio 11,000. Jambo hili linajulikana tangu 2011.

Ukuta-moto kwa kawaida huja umewashwa, ila hakikisha, na upande wa IPv6, anwani za mtandao za aina mpya, pia. Kazi yake ni ya mlinzi wa getini: anayeitwa na wenye nyumba anapita, anayejileta anarudishwa. Tatizo ni UPnP, huduma ya ruta ambayo humruhusu yeyote aliye ndani kufungua geti bila kuuliza, hata kamera ya bei rahisi. Izime. Kamera na televisheni zipeleke kwenye mtandao wa wageni.

Sasa chomeka, kisha pitia orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ujue kila kimoja ni cha nani.

Kwangu maandishi ya fundi bado yako ukutani. Wageni huyasoma, wakaandika, kisha wakaniuliza mbona inakataa.